Uzi: "Usiandike jina lako" haitoshi. Tuzungumze kuhusu madodoso ya afya tunayowapa wanafunzi

Mleta uzi

Wakuu, salaam. Uzi ni mrefu, naomba mnivumilie.

Nimekuwa nikikusanya data mashuleni kwa miaka zaidi ya kumi. Mimi si profesa. Mimi ni yule anayeshuka kwenye basi alfajiri na boksi la madodoso begani, anamsalimia mlinzi getini, anapeleka barua ya mkurugenzi wa halmashauri kwa mkuu wa shule na kuomba apewe kidato cha tatu kwa kipindi kimoja. Tafiti nyingi nilizofanya zilihusu afya ya wanafunzi: hedhi, lishe, pombe, sigara, msongo wa mawazo, mahusiano, ukatili.

Juu ya kila dodoso nililowahi kugawa kulikuwa na sentensi mbili: "Usiandike jina lako. Majibu yako ni siri." Nimezisoma mbele ya madarasa mengi mpaka siangalii tena karatasi. Uzi huu unahusu ile sentensi ya pili, kwa sababu niliwahi kuwaambia watoto na haikuwa kweli.

Ilikuwa 2018, shule ya kutwa, siitaji. Darasa la wanafunzi hamsini na kitu, dawati moja watu watatu. Mwalimu wa nidhamu alibaki ndani atusaidie kutuliza darasa, nami sikumwomba atoke. Maswali mengi yalikuwa ya kuweka tiki, lakini mtafiti mkuu alitaka na maelezo, kwa hiyo ukurasa wa nne ulikuwa na mistari mitupu chini ya swali hili: "Kama umewahi kukosa hedhi kwa zaidi ya mwezi mmoja, eleza ulifanya nini." Kengele ilipolia, mwalimu akapita safu kwa safu akikusanya, akaniletea rundo limepangwa vizuri. Nikamshukuru. Tukaenda ofisini kunywa chai, rundo likakaa juu ya meza yake wakati mimi nasubiri barua yangu igongwe muhuri.

Baada ya wiki mbili nilirudi kumalizia kidato cha nne. Mwalimu mwingine, mama mtu mzima, akanivuta pembeni karibu na tangi la maji. Binti mmoja alikuwa ameandika kwenye ile mistari kwamba amekosa hedhi miezi miwili na amemwambia dada yake tu. Mwandiko wake unajulikana shule nzima: juu ya herufi i haweki nukta, anachora kiduara. Kesho yake aliitwa ofisini, mzazi akaitwa, akapelekwa zahanati kupimwa mkojo. Hakuwa na mimba. Lakini darasa zima lilimwona akitolewa, na mtaani habari ilishafika kabla ya majibu. Muhula ule ule akahamishwa.

Kumbukeni ulikuwa mwaka gani. Juni 2017 Rais Magufuli alikuwa ametamka hadharani kwamba mwanafunzi akipata mimba hatarudi shule ya serikali. Ni mpaka tarehe 24 Novemba 2021 Waziri wa Elimu, Profesa Ndalichako, alipotangaza kwamba wanaojifungua wataruhusiwa kurudi darasani. Kati ya tarehe hizo, jibu la mtoto kuhusu hedhi yake lilitosha kumwanzishia safari ya kufukuzwa shule. Sisi tukampa peni na mistari minne.

Na tulikuwa na kila karatasi. Kamati ya maadili ilipitisha, mkoa uliruhusu, wilaya iliruhusu, mkuu wa shule alisaini. Jina halikuandikwa popote.

Kilichonisukuma kuandika leo ni jambo la wiki iliyopita. Kwenye kundi la WhatsApp la wakusanya data, mtu ameweka faili la Excel akiomba msaada wa uchambuzi. Safu ya kwanza: namba ya mtahiniwa. Mbele kidogo: amewahi kupimwa VVU, amewahi kulazimishwa kufanya ngono. Kundi lina watu zaidi ya mia mbili. Nilimpigia akalifuta, lakini aliyekwisha kulipakua analo kwenye simu yake.

Karibuni tujadili.

Mwalimu, Songea

Mkuu, nimesoma kwa uchungu, pole. Ila nami niseme la upande wetu. Nyinyi mnakuja asubuhi, saa sita mmeondoka. Sisi ndio tunabaki na mtoto. Mwalimu akiona binti ana shida afumbe macho kwa sababu karatasi imesema siri? Halafu hili la kututoa darasani: nina wanafunzi sabini na mbili kwenye chumba kimoja. Nikitoka, hutapata data, utapata kelele.

Mleta uzi

Mwalimu, asante, na nakubali kwamba hatufanyi haki tunapochukua na kutorudi. Matokeo ya shule yako ulipaswa kuletewa kabla ya kwenda kwenye kongamano lolote.

Lakini hili la kusaidia naomba tulitazame vizuri. Mtoto yule hakumwambia mwalimu. Angetaka mwalimu ajue, angemfuata yule mama mtu mzima aliyenisimulia, maana wanafunzi wote walikuwa wanamkimbilia yeye. Aliliambia dodoso kwa sababu dodoso liliahidi halitasema. Ukimsaidia kwa taarifa uliyoipata kwa kuvunja ahadi hiyo, huyo mmoja unaweza kumsaidia, ila wale hamsini waliobaki mwaka ujao watajaza "hapana" kila mstari. Na ile "hapana" ndiyo itakayokwenda wizarani, isomeke kwamba shule haina tatizo.

Kuhusu kelele una haki. Ninachofanya siku hizi: mwalimu anakaa, ila mbele kabisa, kwenye kiti, na hasimami mpaka tumalize. Tunaomba ukumbi wa kulia chakula au tunatoka chini ya mwembe, ili kati ya mtoto na mtoto pawe na nafasi ya mtu mmoja. Kila mmoja ana bahasha. Akimaliza anatia dodoso ndani, anaibandika mwenyewe, anaitumbukiza kwenye boksi lenye tundu kama la kura. Mwalimu hagusi, na mimi siangalii mpaka nifike kwangu.

Kuna jambo nililijua baada ya kusoma jinsi ule uchunguzi wa Shirika la Afya Duniani wa wanafunzi wa miaka 13 hadi 17 unavyoendeshwa. Hapa kwetu ulifanyika Dar es Salaam 2006, kisha nchi nzima 2014. Unagusa pombe, sigara, dawa za kulevya, afya ya akili, mahusiano, ukatili. Maswali yamo kwenye kijitabu, majibu yanawekwa kwenye karatasi nyingine ya kuziba viduara. Wa jirani akichungulia anaona namba na viduara vyeusi, haoni swali. Na hakuna mahali palipoandikwa "kama hapana, ruka mpaka swali la 30." Asiyevuta sigara anajibu maswali yote ya sigara, kila moja likiwa na chaguo la "sijawahi kuvuta."

Mwanzoni niliona ni kuwachosha watoto bure. Kisha nikakumbuka madarasa yangu. Dodoso letu lilikuwa na kuruka. Ambaye hajawahi kufanya ngono anafungua kurasa tatu kwa mpigo na kuweka peni chini. Baada ya robo saa nusu ya darasa wamekaa mikono mitupu, wanawatazama wale wachache ambao bado wanaandika. Darasa zima linajua. Hata mimi niliyesimama mbele nilijua. Kuruka kwa maswali kulikuwa kunawataja.

Mwanafunzi wa uzamili

Kaka, shikamoo. Uzi huu umenikuta pabaya kwa sababu niko kwenye kuandika pendekezo langu la utafiti. Nataka kuwafuatilia wanafunzi walewale mwanzo na mwisho wa mwaka, kwa hiyo lazima niweze kuoanisha dodoso la kwanza na la pili. Msimamizi wangu amenishauri nisiweke jina, niweke namba ya mtahiniwa. Baada ya kusoma habari ya Excel nimeogopa. Kosa liko wapi hasa, maana namba si jina?

Mleta uzi

Marahaba mdogo wangu, na umeuliza mapema, kabla hujaingia shuleni.

Namba ya mtahiniwa kwa Tanzania ni jina lenye tarakimu. Imeanza na namba ya kituo, yaani shule, ikafuatiwa na namba ya mtoto. Matokeo ya NECTA, yaani Baraza la Mitihani, yanatangazwa mtandaoni kwa namba hizo hizo, jinsia ikiwa pembeni. Siku matokeo yanatoka, kila mwanafunzi anatafuta yake, ya rafiki yake na ya yule aliyekuwa akishindana naye. Wanazijua kwa kichwa. Sasa chukua faili lako lenye namba hiyo na swali la VVU, mpe yeyote aliyesoma darasa lile. Hahitaji utaalamu wa kompyuta.

Wenzetu waliwahi kuliona hili kwa kishindo. Marekani, jimbo la Massachusetts, miaka ya 1990, chombo cha bima ya afya ya watumishi wa serikali kilitoa rekodi za hospitali kwa watafiti baada ya kufuta majina. Gavana William Weld akawahakikishia watu kwamba siri zao ziko salama. Latanya Sweeney, wakati huo mwanafunzi pale MIT, akanunua daftari la wapigakura la mji wa Cambridge kwa dola 20. Mle wamo jina, tarehe ya kuzaliwa, jinsia na msimbo wa posta. Watu waliozaliwa siku moja na gavana walikuwa sita, wanaume kati yao watatu, na mwenye msimbo wake wa posta alikuwa yeye peke yake. Akazipata rekodi za matibabu ya gavana. Baadaye alipiga hesabu kwamba Wamarekani asilimia 87 wanaweza kutambulika kwa vitu hivyo vitatu tu: tarehe ya kuzaliwa, jinsia na msimbo wa posta.

Sisi daftari letu hatulinunui. Lipo kwenye tovuti, na lipo kwenye vichwa vya wanafunzi.

Kisa cha pili kinakuhusu zaidi, kwa sababu ni cha wanafunzi. Mwaka 2008 watafiti wa Harvard walitoa data walizochota Facebook za wanafunzi 1,640 wa mkondo mmoja (walioanza mwaka mmoja) wa chuo kimoja. Majina yalifutwa, chuo hakikutajwa. Michael Zimmer, mwalimu wa chuo kikuu huko Wisconsin, hata data hakuzifungua. Alisoma tu maelezo ya faili na yale yaliyosemwa hadharani: ukubwa wa mkondo, eneo la nchi, orodha ya fani ambazo hazifundishwi kila mahali. Akajua ni Harvard yenyewe. Na ukishajua chuo, kuna wanafunzi waliokuwa peke yao kutoka nchi zao. Mtu kama huyo ukimfutia jina hujamfutia kitu. Tena waliochota data walikuwa wanafunzi wasaidizi wa palepale, ambao pengine waliona yale ambayo mtu aliwaonyesha wanachuo wenzake tu. Ndiyo maana siku hizi nakataa kumpa monita wa darasa kazi ya kukusanya madodoso, hata akiwa mwaminifu namna gani.

Sasa kazi yako. Badala ya namba ya mtahiniwa, mwombe mwanafunzi ajitengenezee alama kwa mambo ambayo yeye anayakumbuka na mwenzake wa dawati hayajui kirahisi: herufi ya tatu ya jina la bibi mzaa mama, tarakimu ya mwisho ya simu ya nyumbani, herufi ya kwanza ya mahali mama alipozaliwa. Mwisho wa mwaka ataijenga upya ile ile bila kuitunza popote. Wachache watakosea na utawapoteza kwenye uoanishaji. Poteza hao wachache.

Halafu pitia safu zako moja moja ujiulize unaitaka ya nini. Nimeona madodoso ya lishe yanauliza kabila, dini, mkoa uliotoka na unaishi na nani, kwa sababu tu dodoso la mwaka jana liliuliza. Chukua darasa la watu arobaini: msichana, miaka 19, Mpentekoste, ametoka Kigoma, anaishi na bibi. Huyo ni mtu mmoja na kila mtu anamjua. Umri weka kwa makundi. Mkoa ondoa. Na kwenye ripoti usichapishe kisanduku cha jedwali chenye watu chini ya watano, hata msimamizi akikubishia.

Kama mtatumia vishikwambi, angalia kitu kimoja zaidi. Programu kama KoboToolbox na ODK zinaweza kuandika saa ya kuanza, saa ya kumaliza na kifaa kilichotumika. Una vishikwambi vitano, watoto wanaingia kwa zamu, daftari la zamu lina majina. Ukiunganisha vile viwili, unajua nani kajibu nini. Kama huhitaji saa hizo, zizime kabla ya kwenda.

Mwanafunzi wa uzamili

Asante sana kaka. Ile alama ya bibi mzaa mama nitaipeleka kwa msimamizi kesho.

Mama wa wawili

Jamani na sisi wazazi tuingie. Mwanangu yuko kidato cha pili. Siku moja saa mbili usiku ananiletea karatasi, mama saini hapa, kesho inatakiwa. Kurasa tatu, Kiingereza chote. Mimi ninauza samaki, Kiingereza hicho sikijui. Nikamuuliza ni ya nini, akasema ya afya. Nikasaini, kwa sababu mtoto akikosa karatasi anasimamishwa mbele ya darasa. Mwaka mwingine hata hakuniletea, alisaini mwenyewe na kuniambia baadaye. Hiyo nayo inaitwa ridhaa?

Mleta uzi

Mama, shikamoo. Hapana, hiyo siyo ridhaa, na wala kosa si lako.

Fomu ilipaswa kuwa ya Kiswahili, ukurasa mmoja, ikueleze nani anafanya utafiti, mtoto ataulizwa nini hasa, majibu yatakaa wapi na kwa muda gani, na namba ya kupiga ukiwa na swali. Na iseme wazi kwamba ukikataa mtoto hapotezi kitu. Hili la kusimamishwa mbele ya darasa ni jambo la shule, lakini mtafiti ana wajibu wa kulizuia, kwa sababu yeye ndiye aliyeileta fomu.

Kwa Tanzania mtoto ni mtu wa chini ya miaka 18, ndivyo isemavyo Sheria ya Mtoto ya 2009. Kwa hiyo kuna ridhaa mbili: yako wewe mzazi na ya mtoto mwenyewe. Ukikubali wewe na yeye akakataa, amekataa. Saini ya mkuu wa shule inaniruhusu kuingia getini tu. Nimeona tafiti ambapo saini hiyo moja imehesabiwa kuwa ridhaa ya watoto mia nne.

Kukataa nako kunahitaji kupewa nafasi, hasa darasani ambako mwalimu kasema "wote mtajaza." Mimi nawaambia hivi: asiyetaka achukue bahasha kama wengine, atie dodoso tupu, abandike. Hakuna atakayejua. Kila mara zinarudi chache tupu, nazihesabu na kuziandika kwenye ripoti kama zilivyo. Zile bahasha tupu ndizo zinazonipa moyo kwamba waliojaza walijaza kwa hiari yao.

Ila mama, kuna mahali ambapo mzazi haambiwi kila kitu, na naomba nieleze kwa sababu unaweza kusikia ukakasirika. Mwaka 2009 ulifanyika utafiti wa nchi nzima wa ukatili dhidi ya watoto, ripoti ikatoka 2011. Walihusika UNICEF, CDC (kituo cha kudhibiti magonjwa) ya Marekani na Chuo Kikuu cha Muhimbili, na waliohojiwa walikuwa na miaka 13 hadi 24, majumbani kwao. Mkuu wa kaya alielezwa kwamba ni utafiti wa afya na maisha ya vijana. Kijana mwenyewe, akiwa faraghani, ndiye aliyeelezwa kwa ukamilifu. Sababu ni nzito: mtenda ukatili anaweza kuwa ndiye anayekaribisha wageni sebuleni, na akijua mtoto kaulizwa nini, usiku mtoto atalipia. Majibu yalionyesha karibu wasichana 3 kati ya 10 na mvulana 1 kati ya 7 walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya miaka 18. Takwimu hizo zisingepatikana kwa kumwuliza mtoto mbele ya baba. Nami naona walifanya sawa, kwa sababu jambo lililofichwa lilifichwa kwa usalama wa mtoto, na halikufichwa ili kurahisisha kazi ya mtafiti. Karatasi ya Kiingereza saa mbili usiku ni ya kurahisisha kazi ya mtafiti.

Mwanasheria, Mombasa

Assalaam aleikum nyote. Naongeza la kisheria kwa kifupi. Huku Kenya tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Data ya afya ni nyeti, na data ya mtoto haishughulikiwi bila idhini ya mzazi au mlezi. Ikivuja na ikawa na madhara, Kamishna wa Data aarifiwe ndani ya saa 72. Utafiti umepewa nafuu fulani, lakini kwa sharti kwamba matokeo yasichapishwe kwa namna ya kumtambulisha mtu. Na si sheria ya kupamba rafu: Septemba 2023 ofisi ya kamishna iliitoza shule moja ya Nairobi shilingi 4,550,000 kwa kuweka picha za watoto mtandaoni bila idhini ya wazazi. Picha tu hizo, si majibu ya VVU.

Kwenu Tanzania mna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, namba 11 ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume yake ilizinduliwa Aprili 2024. Nayo inahesabu taarifa za afya na za watoto kuwa nyeti. Aliyetupa lile faili kwenye kundi ajue hapo ametoka kwenye maadili ameingia kwenye sheria.

Mleta uzi

Wa aleikum salaam ndugu yangu, umenisaidia sana. Wengi wetu tunadhani kibali cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, ndicho kila kitu. Kibali kinapima utafiti kabla haujaanza. Faili linaishi miaka baada ya hapo, kwenye fleshi, kwenye laptopu iliyouzwa, kwenye barua pepe ya msaidizi aliyekwisha kuajiriwa kwingine.

Mwalimu, Songea

Nimerudi, na nimeelewa zaidi. Ila nina swali ambalo sijapata jibu. Mtoto akiandika kwenye dodoso lako anafikiria kujiua, na wewe hujui ni nani, unalala vipi?

Mleta uzi

Mwalimu, silali vizuri. Hilo ndilo swali gumu kuliko yote, na kila utafiti lazima ulijibu kabla ya kugawa karatasi ya kwanza.

Njia ziko mbili na kila moja ina gharama. Dodoso lisilo na jina linapata ukweli mwingi, ila huwezi kumfuata mtu. Mahojiano ya ana kwa ana, kama yale ya 2009, yanaruhusu mhojiwa kuunganishwa na huduma, ila lazima huduma iwepo kweli, na mtoto aambiwe tangu mwanzo ni jambo gani halitabaki siri. Kibaya ni kuchanganya, kuahidi ya kwanza na kisha kufanya ya pili.

Mimi mwenye madodoso yasiyo na jina nafanya hivi. Kila mwanafunzi, kila mmoja bila kuchagua, anaondoka na kikaratasi kidogo chenye namba 116, simu ya msaada kwa mtoto, bure, kwa Tanzania na kwa Kenya pia, pamoja na mahali pa kwenda katika kata ile ile. Niliwahi kuona mahali wakiwapa kikaratasi wale tu waliojibu "ndiyo." Watoto watatu wakatoka darasani na karatasi ya rangi mkononi. Huko nako ni kuwataja.

Pili, kabla ya siku ya kwanza naenda kwa afisa ustawi wa jamii na kituo cha afya, nawaambia siku fulani tutauliza maswali haya, wiki hiyo wanaweza kuja watoto. Na siku yenyewe nabaki shuleni mpaka jioni, nakaa mahali pa wazi. Wengine wanakuja wenyewe. Anayekuja mwenyewe amechagua, na hapo tunaongea kwa jina.

Tatu, pale ninapotaka ukweli wa darasa na sihitaji ukweli wa mtu, natumia sarafu. Wazo lenyewe ni la zamani, Stanley Warner alilianzisha 1965, hili la sarafu ni tawi lake. Tuseme swali ni kama amewahi kunywa pombe. Kila mtoto anarusha sarafu ya mia mbili ndani ya viganja vyake, bila mwingine kuona. Ikija kichwa, anajibu "ndiyo" hata kama si kweli. Ikija upande wa pili, anajibu ukweli. Darasa la sitini, kama thelathini watasema ndiyo kwa sababu ya sarafu. Nikipata ndiyo 39, ninajua tisa zimetoka kwa wale thelathini wengine waliosema ukweli, yaani kama asilimia 30 wamewahi kunywa pombe. Makadirio yanayumba kidogo, darasa likiwa dogo yanayumba zaidi. Lakini hata ukinyang'anya karatasi zote ukazisoma kwa sauti paredi, huwezi kumshika mtoto yeyote, kwa sababu "ndiyo" yake inaweza kuwa ya sarafu. Mara ya kwanza kulijaribu kuna kijana wa nyuma alinyoosha mkono: "Kwa hiyo mwalimu hata wewe hutajua?" Nikamwambia hata mimi. Akainama akaandika.

Mama wa wawili

Kaka, na yule binti wa viduara uliwahi kumtafuta umwombe radhi?

Mleta uzi

Mama, nilifanya yaliyokuwa mikononi mwangu. Nilimwandikia mtafiti mkuu, tukapeleka taarifa ya tukio kwenye kamati ya maadili, ule ukurasa wa nne ukaondolewa kwenye shule zilizobaki. Dodoso lake liliteketezwa, nilikuwepo. Nilirudi shuleni kwa mkuu wa shule tukazungumza, na mazungumzo hayakuwa mepesi.

Kumtafuta yeye, nilitaka. Yule mama mtu mzima aliniambia anajua alikohamia, akafungua mdomo aniambie na jina. Nikamzuia. Kila mtu pale shuleni alikuwa ameshalijua kwa sababu yangu. Nilimwomba amfikishie salamu na pole kutoka kwa yule mtu wa madodoso, na aniache mimi nisilijue. Mpaka leo silijui.